Nilivyoshona nguo za Unguja ya kale kwa vitambaa vya bei ya kutupa, kaniki ikaniumbua

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara, wa visiwani na nyie mnaosomea humu mkiwa kazini.

Jambo hili nimekaa nalo tangu mwaka juzi. Nimeona bora nilitue hapa, maana humu hakuna anayenijua, na anayenijua atajifanya hanijui. Nitakayoyasema yalitokea. Pale nilipokuwa mjinga nimeuacha ujinga wangu kama ulivyokuwa, sikuupiga pasi.

Uzi una urefu wake. Mwenye wali jikoni akaupalie kwanza ndiyo arudi.

Mimi ni fundi cherehani, Mji Mkongwe, Unguja. Kibanda changu kiko kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya Mchangani. Kazi zangu ni kanzu, sare za skuli na mabuibui. Masomo niliyaachia kidato cha pili, lakini nipe kitambaa nimefumba macho, nitakwambia kama ni pamba, ni tetroni au ni takataka.

Sifa yangu nyengine ni kwamba sipendi kutoa pesa. Mke wangu ana neno lake kwa tabia hiyo. Sitaliandika, mamoda watalifuta.

Sasa, mwaka juzi mtaani kwetu kuliundwa kikundi cha maigizo. Mwalimu Rajabu, mstaafu aliyekuwa akisomesha historia, aliandika mchezo kuhusu Unguja ya miaka ya mwanzoni mwa 1900, utumwa ulipokuwa umeshapigwa marufuku.

Kisa ni cha mwanamke aitwaye Zafarani. Alikuwa mtumwa kwenye shamba la karafuu upande wa Kizimbani. Akaachwa huru, akaja mjini kwa miguu, akaanza maisha yake Ng'ambo. Kwa wageni, Ng'ambo ni upande wa pili wa mji, walikokaa watu wasio na majumba ya mawe.

Mchezo ungechezwa mara moja tu, alasiri, kwenye uwanja wa skuli. Waigizaji walikuwa kumi na wanne, wote watu wa mtaani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuigiza. Mimi nikapewa kazi ya nguo.

Mwalimu Rajabu alinikabidhi bahasha ya michango na maneno machache. Nguo zionekane za zamani, na zisizidi bahasha. Bahasha yenyewe ilikuwa nyembamba, ukiinyanyua juani unaona upande wa pili.

Mtu mwengine angekataa. Mimi nilifurahi, wakuu. Niliona hatimaye nimepata kazi ya kipaji changu.

Kwa hiyo kabla sijafika kwenye aibu, nitoe elimu kidogo kwa anayetaka kushona nguo za kale bila kufilisika.

Kwanza, achana na vinavyong'aa. Wakati ule poliesta haikuwepo. Muuzaji atakwambia "pamba hii, asilimia mia", usimwamini hata kama ni shemeji yako. Tembea na kiberiti. Omba uzi mmoja wa pembeni ya kitambaa, uchome. Pamba inaungua inakuwa jivu laini na inanuka karatasi. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Choma nje ya duka. Mimi kuna duka moja Darajani siruhusiwi kuingia mpaka leo.

Pili, bafta. Bafta ni nyeupe, ni pamba tupu, na hakuna kitambaa cheupe cha bei ya chini zaidi. Kwa kanzu za wanaume kumi wa kwenye mchezo, hesabu zote zilikuwa zinaniambia bafta. Nikaenda kwa muuza vitambaa ninayemzoea siku zote, nikamwomba jora zima.

Hakubishana bei. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua, kwa sababu mimi na yeye tumebishana bei miaka kumi na mbili. Akalifunga vizuri kwa karatasi, akaniambia Mwenyezi Mungu atupe subra. Nikaitikia amin, maana mtu akikuombea dua huwezi kumwambia hapana asante.

Wale waliowahi kuzika watu wa pwani wameshaelewa. Bafta kwetu ndiyo sanda.

Nilifika nyumbani alasiri nikakuta akinamama saba waliosikia dukani kwamba tumefiwa, wako sebuleni na majamvi yameshatandikwa. Mama mkwe wangu, anayekaa na sisi na ambaye ndiye mkubwa kwa umri pale ndani, alikuwa amewafungulia mlango yeye mwenyewe. Wakamtazama. Na yeye akawatazama. Hakunisemesha kwa siku tisa, na mpaka leo akiniona na mfuko wa duka lile anaondoka.

Baadaye nilimuuliza muuzaji, maiti mmoja anahitaji jora zima? Akasema aliona ajabu, ila alivyonijua mimi alidhani nanunua na ya akiba wakati bei iko chini.

Tatu, bafta ya bei rahisi imepigwa wanga. Ukiishika dukani ni nzito, ina heshima zake. Ukiifua mara moja inalegea na inarudi. Kwa hiyo irowekeni kwanza, ianikeni, ndiyo mkate. Mkikata kabla, mtashona kanzu ya mtu mzima na itavaliwa na mtoto wa madrasa.

Nne, na hapa ndipo nilipojiona bingwa, nilichemsha majani ya chai na maganda ya vitunguu kwenye sufuria kubwa, nikazitosa kanzu zote humo. Zikatoka na rangi ya kuchakaa, kama zimetolewa kaburini. Nilizipiga picha nikamtumia Mwalimu Rajabu. Akajibu kwa vidole gumba vitatu.

Tano, kaniki.

Kaniki ni kile kitambaa cha buluu iliyokoza inayokaribia weusi. Zamani ndiyo waliyovishwa wanawake watumwa, hilo kila aliyepita skuli analijua. Siku hizi wanunuzi wake wakubwa ni waganga. Nilinunua ya kumvisha Zafarani mchezo mzima, tangu shamba mpaka uzee wake, na wenzake wawili wa Ng'ambo. Nilijiambia, mtu maskini, nguo rahisi, kazi imekwisha.

Mpaka mwisho wa wiki ile, mtaani ilijulikana kwamba nimefiwa na kwamba nimeanza uganga.

Sasa mnaweza kuuliza, kama kila kitu kilikuwa rahisi hivyo, bahasha ilikwenda wapi. Ilikwenda kwenye joho.

Kwenye mchezo kuna bwana shamba, Mwarabu mwenye mikarafuu. Nafasi hiyo alipewa Ami Salim, ndugu wa baba yangu. Na sisi wazee wetu walikuwa na shamba la mikarafuu zamani, kabla halijawa hadithi ya sikukuu. Ami Salim hakuja kibandani kuuliza. Alikuja kunielekeza. Joho liwe jeusi, zito, lenye taraza ya nyuzi za dhahabu kuanzia shingoni mpaka chini, kwa sababu watu watakapomtazama yeye watakuwa wanatutazama sisi.

Na mimi niliyefukuzwa duka kwa ajili ya uzi mmoja, nilitoa zaidi ya nusu ya bahasha kwa kitambaa cha mtu mmoja. Wala sikuchoma hata uzi. Nilikichora chaki, nikakitundika ukutani bila kukikata ili Ami Salim akipita akione. Wakati ule sikuona tatizo lolote.

Zikiwa zimebaki siku nane, Mwalimu Rajabu akamleta Bi Mize ajaribu nguo.

Bi Mize ndiye aliyekuwa Zafarani. Ni mtu wa Ng'ambo, umri wake umeshapita sabini, karani mstaafu, mwembamba na mnyoofu, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Nilijua ni mtu wa heshima zake. Kwa nini mwalimu alimchagua yeye na si msichana, sikujua na sikuuliza. Mimi nilikuwa natazama yadi.

Nikamwamkia, akaitikia, nikampa kaniki zake mbili, ya kujifunga na ya kichwani.

Akazishika. Akazipeleka karibu na pua, akazinusa. Kisha akazikunja, akazikunja tena mpaka zikawa ndogo, akaziweka juu ya meza ya cherehani.

"Hizi za wapi kwenye mchezo?"

Nikamwambia za mchezo wote.

"Hata nikishafika Ng'ambo?"

Nikamwambia ndiyo. Halafu, wakuu, nikamfundisha. Nilimweleza kwamba watu walioachwa huru walikuwa mafukara, kwamba kaniki ndiyo iliyokuwa nguo ya fukara, kwamba lazima tuwe wakweli kwa historia. Nilizungumza kama dakika tano. Mwalimu Rajabu alikuwa ananikonyeza, mimi nikadhani ana vumbi jichoni. Bi Mize alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Nilipomaliza akavua miwani.

"Mwanangu, huyo unayemsema ni bibi yangu, mzaa mama. Yeye ndiye aliyenlea."

Wakuu, kuna aibu za aina nyingi na mimi nyingi nimeshazionja. Hii niliihisi miguuni.

Akavuta kigoda akakaa, akanihadithia, bila hasira. Bibi yake aliondoka shambani na kaniki moja tu, ile aliyokuwa ameivaa. Alipofika mjini akawa anabeba mawe ya kujengea na kupiga sakafu za nyumba za watu. Kwa miezi alikula mlo mmoja kwa siku. Hakuwa akiweka akiba ya nyumba wala ya kitanda. Alikuwa akiweka akiba ya doti moja ya kanga.

Siku alipoinunua akajifunga kanga moja, akajitanda nyengine. Ile kaniki akaichana vipande, akakitandika kimoja mlangoni, kila anayeingia apanguse miguu. Tangu hapo kaniki haikuingia nyumbani kwake. Hakuivaa jikoni, hakuivaa alipojifungua, hakuivaa kwenye eda.

Na hakuwa peke yake. Ng'ambo nzima ndivyo ilivyokuwa, alisema. Ikifika sikukuu wanawake walitoka na kanga zilizoshushwa bandarini mwezi ule ule, na ilikuwa aibu kuonekana na rangi ya sikukuu iliyopita. Walishinda na njaa lakini hawakutoka na nguo mbovu. Aliyetaka kuona nguo mpya za mjini alikuwa anakwenda Ng'ambo kuzitazama.

Kisha akageuka akaliona lile joho la chaki ukutani.

"Na lile?"

Nikasema la bwana shamba.

Akasema bwana wa bibi yake alikuwa na joho moja tu maisha yake yote, limeliwa na nondo, na bibi ndiye aliyekuwa akilitia viraka kila msimu. Ndivyo alivyojifunza kushika sindano.

Mimi nikiwa bado najitetea, nikasema kwamba hata hivyo ni mchezo tu, Bi Mize, baada ya saa moja na nusu watu wanakwenda zao.

Hapo ndipo akasema maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka neno kwa neno.

"Bibi yangu hajapigwa picha hata siku moja. Waliobaki wanaoijua sura yake ni sisi wawili, mimi na mdogo wangu Haji, yuko Mkokotoni. Wajukuu zangu watamuona siku hiyo, na hawatamuona tena. Ya shamba nitaivaa, kwa kuwa aliivaa. Lakini Ng'ambo siingii na kaniki. Kama hamna nyengine, mtafuteni mtu mwengine."

Akasimama, akaniaga vizuri, akaondoka. Mwalimu Rajabu alibaki mlangoni. Aliniambia tu kwamba mtu mwengine hakuna, na kwamba mchezo ni wa bibi yake, yeye kauandika tu.

Nilikaa pale kibandani na sufuria yangu ya chai. Niliona aibu kweli kweli, na nikaona na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimkasirikie nani. Hatimaye nikamkasirikia fundi.

Maana tazameni. Ubahili wangu ulikuwa mkali kwa kila mtu mpaka ulipofika kwenye ukoo wangu, hapo ukalala. Nilimvisha bibi wa watu nguo rahisi kwa sababu alikuwa maskini, na hakuna aliyenituma. Wazo hilo nililitoa kichwani mwangu mwenyewe.

Asubuhi nikakishusha kile kitambaa cha joho ukutani, nikakirudisha kwa muuzaji wangu. Alinipokea kwa wasiwasi, kwanza akauliza nyumbani hawajambo. Chaki ilikuwa bado ipo. Akaipangusa kwa kiganja chake, akakubali kunibadilishia kwa kanga. Naomba mjue kwamba siku ile na mimi sikubishana bei.

Kwa ajili ya nyie mafundi, tatizo la kanga ni hili. Kanga za sasa zina jina, yale maandishi yanayopita juu ya pindo. Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi, na yalipokuja yalianza kwa herufi za Kiarabu. Ukimvisha Zafarani kanga ya dukani, watazamaji watakuwa wanamsoma badala ya kumsikiliza.

Kisutu kilinisaidia. Ni mtindo wa zamani sana, mwekundu, mweusi na mweupe, hauna jina, na bado unauzwa kwa ajili ya maharusi. Bei yake haiumizi, na wale wenzake wawili wa Ng'ambo niliwachukulia hicho hicho. Hiyo ikawa doti ya kwanza.

Bi Mize alitaka doti tatu, kwa sababu maisha ya bibi yake yalikuwa yakipanda. Kwa hizo mbili nilichagua kanga zenye mapindo mapana, nikaukata ule ukanda wa maandishi wote, nikaziba pengo kwa kipande cha pindo la kanga ya tatu, mshono nikaupitisha pale maua yanapokutana. Nikapiga pasi ya moto na kitambaa kibichi juu yake. Ukisimama hatua tatu huoni kitu. Kazi ile nilifanya kwa siku tatu na sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Halafu nikataka kuzitosa kwenye chai.

Bi Mize alikuwa amekuja kuzitazama. Akaniuliza sufuria ile ni ya nini. Nikamwambia, ili zionekane za zamani.

"Nani kakwambia watu wa zamani wakivaa nguo za zamani? Zilikuwa mpya."

Nilimwaga ile chai mbele yake. Na kanzu zote nilizozizeesha nikazirudisha majini, nikazifua, nikazitia nili, nikazianika mpaka zikawa nyeupe. Wanaume walioachwa huru nao walivaa kanzu safi, aliniambia, tena walitembea taratibu nazo makusudi wapate kuonekana.

Akabaki Ami Salim.

Nilikwenda kwake mwenyewe. Nilikuwa nimebeba joho kutoka sanduku la mama yangu, lile la kweli, la mzee wetu. Halijavaliwa miaka mingi. Lina matundu ya nondo mgongoni na taraza yake imebaki upande mmoja. Halikuwa na gharama yoyote, na ndilo lililokuwa nguo pekee ya kweli ya wakati ule tuliyokuwa nayo. Lilikuwa sandukuni siku zote na mimi nahangaika madukani.

Ami Salim alilitazama akasema nitamwaibisha mbele za watu. Nikamwambia ndivyo walivyokuwa, Ami. Kwa siku mbili hakufika mazoezini, na mimi nikaanza kujipima kanzu ya bwana shamba kwa siri.

Siku ya tatu akaja. Akamkuta Bi Mize amekaa kwenye kigoda changu. Wakaamkiana. Ami Salim akalinyanyua joho, akasema kwa sauti ndogo kwamba kama ni viraka basi vitiwe, na akalinyoosha kuelekea kwa Bi Mize.

Bi Mize hakulipokea. Alitia uzi kwenye sindano, akafunga fundo, akampa sindano.

Ami Salim ana miaka sitini na saba na siku ile ndiyo mara yake ya kwanza kushona. Ilimchukua kutoka adhuhuri mpaka alasiri kwa viraka viwili. Alijichoma mara nyingi. Bi Mize alikuwa anamwonyesha kwa kidole, hapa, sasa hapa, vuta. Mimi nilijifanya natia mafuta cherehani. Mishono yenyewe ilikuwa mikubwa kama hatua za kuku, na nilikatazwa kuigusa.

Siku ya mchezo ikafika. Uwanja ulijaa, watoto juu ya ukuta, akinamama mbele kwenye majamvi. Wale saba walionitandikia sebuleni walikuwepo wote. Mimi nilikaa pembeni ya safu ya mbele na sindano kwenye kola, ikiwa kitu kitaachia.

Wajukuu wa Bi Mize nao walikuwepo, tisa, wamepangwa kwa urefu. Katikati yao alikaa mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki, kofia ya viua, bakora mapajani. Nilipomuuliza mmoja wa watoto akasema ni Babu Haji, kaja na gari ya asubuhi kutoka Mkokotoni. Macho yake si mazuri, wamemweka mbele kwa ajili hiyo.

Ami Salim alitoka na viraka vyake. Watu wakacheka kidogo, na yeye akawa anatembea kwa namna ambayo hakufundishwa na mtu yeyote, kama mtu mwenye nafsi kubwa na joho dogo. Nilimwonea fahari, sikutarajia.

Bi Mize alitoka na kaniki, sehemu ya shamba. Ilikuwa fupi. Kisha akatoka mara ya pili na kisutu, kipya, kinanguruma kwa wanga, na kaniki mkononi. Nilikuwa nimeitia mkasi kidogo pembeni iachike kirahisi. Akaichana. Sauti ilifika mpaka ukutani. Akaitandika mlangoni, akaikanyaga, akaingia. Wale akinamama walipiga vigelegele mpaka Mwalimu Rajabu akasimamisha mchezo.

Doti ya tatu ilikuwa ya sehemu ya mwisho, Zafarani ameshakuwa mtu mzima, anatoka nyumbani kwake asubuhi ya sikukuu. Manjano na buluu. Kuna namna bibi yake alivyokuwa akijifunga, ncha moja imeingizwa chini ya kwapa la kushoto na nyengine imeachwa inaning'inia, na ile ya kujitanda imepita juu ya bega moja tu. Bi Mize hakunionyesha hilo kibandani. Alijifunga mwenyewe nyuma ya pazia.

Akatoka, akasimama mlangoni. Alikuwa na maneno ya kusema pale, marefu, na alikuwa ameshaanza.

Babu Haji akasimama.

Nilidhani anataka kutoka nje, nikanyanyuka nimshike mkono. Hakunitazama. Alikuwa ametegemea bakora kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Hakupaza sauti. Lakini Bi Mize alikatiza neno katikati. Mwalimu Rajabu alifungua daftari lake kutafuta maneno hayo yako wapi. Hayakuwepo.

Bi Mize alimtazama mdogo wake. Mikono yake ikaja mbele ikakamata ile ncha ya kanga. Na alipojibu, sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu mzima zaidi, nzito, ya puani kidogo.

"Marahaba, mume wangu. Umeshakula?"

Kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume.

Babu Haji akasema nshakula, bibi. Akakaa. Akavua kofia akajifunika nayo uso, na mabega yake yakawa yanatikisika, na wale wajukuu tisa walikuwa wamegeuka wote wanamtazama Bi Mize, wamekodoa macho, hata wale wadogo.

Maneno yaliyobaki Bi Mize hakuyasema. Hakuna aliyeyadai.

Mimi nililia, wakuu, niseme kweli. Sindano ilikuwa kwenye kola, nikajichoma shingoni, nikaendelea kulia.

Basi, nilichojifunza. Bafta iroweke kabla ya kukata. Uzi uchomee nje. Ukitaka jora zima la kitambaa cheupe, mwambie muuzaji mapema kwamba nyumbani wote wazima. Na kabla hujamchagulia marehemu kitambaa kwa kutazama hali yake, tafuta mtu aliyemjua umuulize yeye mwenyewe alikuwa akipenda kuvaa nini. Swali hilo ni la bure na mimi, pamoja na ubahili wangu wote, sikuliuliza.

Wenye kusema ni chai, nimetunga, semeni. Wenye kuuliza picha, Mwalimu Rajabu alipiga nyingi, zipo kwa Bi Mize. Aliyoitia kwenye fremu ni moja tu, ile ya manjano na buluu, na wajukuu zake wakiulizwa huyu nani hawasemi Bi Mize.

Na nyie nawauliza. Kwenu ni nani ambaye hakuwahi kupigwa picha? Alikuwa akivaa nini? Andikeni hapa chini, hata kama mnachokumbuka ni rangi tu. Nitasoma zote.